Mwiko wa Holo Ulioitwa Kasia

Ninyi wawili mliokabidhiwa jengo letu la makumbusho, shikamoo zenu zimefika, marahaba. Mmeniomba niwaandikie "uzoefu." Nimeisoma barua yenu mara mbili, nikatafuta ndani yake swali moja la maana, nikakosa. Hamkuuliza mchwa wanaingilia wapi. Hamkuuliza funguo ya dirisha la nyuma inazungushwaje. Mmeuliza uzoefu. Haya.

Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mtasoma kama nilivyoandika. Mkikuta neno limekaa vibaya, liruke kama unavyoruka dimbwi, usisimame kuliangalia. Na sitafuata mpangilio wa miaka. Miaka mimi naikumbuka kwa mvua, kwa pamba, na kwa nani alikuwa hasemezani na nani.

Naanza na mchwa, maana mchwa hawaheshimu historia. Kila Jumatatu lala kifudifudi sakafuni, umulike chini ya meza zote kwa tochi. Najua mna nguo nzuri. Lala hivyo hivyo. Ukiona njia ya udongo nyembamba kama uzi, usiivunje hapo hapo. Ifuate mpaka inapoanzia, ndipo uivunje, umwage mafuta ya taa. Ngozi usiikunje, itundike. Kibuyu usikipake mafuta eti king'ae, maana panya atakushukuru. Ndani ya vikapu weka majani makavu ya mwarobaini na uyabadilishe mvua zikianza. Popo hamtawashinda. Mimi nimepigana nao mpaka nimestaafu, na wao bado wako kazini.

Sasa niwaambie jengo hilo lilivyopata kuwa la historia, kwa sababu nasikia mmechapisha karatasi inayosema chama kilianzishwa na "wazee wenye maono." Mimi nilikuwapo. Maono sikuyaona. Nilichoona ni muhuri.

Wakati ule kila mtu alikuwa anaanzisha kitu. Soko lilikuwa limefunguliwa, mitumba imejaa mpaka Magu, magari ya fileti yanapita barabarani yakidondosha maji ya samaki, vyama vya siasa vimekuwa vingi na kila mti una bendera. Lakini jineri yetu ya kuchambulia pamba ilikuwa imenyamaza. Wanaume waliopunguzwa kazini walikaa vibarazani na mashati yao ya ofisini, wamefunga vifungo mpaka shingoni, hawana pa kwenda. Mzee Lusangija, aliyekuwa ofisa tarafa kabla ya kustaafu, akaitwa semina Mwanza mjini. Alirudi na begi la semina na neno moja, "urithi." Alikuwa ameambiwa kwamba wafadhili wanalipenda.

Hata mwezi haukuisha. Chama cha historia kikawa na mwenyekiti, ambaye ni yeye. Kikawa na makamu, kikawa na mweka hazina asiye na hazina, na katibu, mwalimu mstaafu aliyesomea chuo cha ualimu Butimba na ambaye hakuwahi kukubali kwamba amestaafu. Wakachonga muhuri wa mviringo wenye picha ya ngoma katikati. Ngoma yenyewe hawakuwa nayo. Hawakuwa na kitu chochote cha kale isipokuwa wao wenyewe.

Wakapewa ghala la pamba lililokuwa tupu, lile la ufukweni. Mimi nilikuwa mjane wa mwaka mmoja, nina mapacha wangu Kulwa na Doto, naanika dagaa juu ya mawe pale pale nyuma ya ghala. Mwenyekiti akaniita kwa kidole.

"Mama Kulwa, unaweza kufagia?"

"Mzee, mimi ni mwanamke wa umri huu, unaniuliza kama naweza kufagia?"

"Kuna kinyesi cha popo."

"Kinafagiliwa kama kinyesi kingine."

Ndivyo nilivyoingia kwenye historia, na ufagio mkononi. Siku tatu nilitoa kinyesi tu. Wakulima wa mchicha walikichukua chote, na mpaka leo naamini hiyo ndiyo faida ya kwanza ambayo chama kiliuletea mji.

Kisha wakatangaza kanisani, msikitini na mnadani kwamba mwenye kitu cha kale akilete, na jina lake litaandikwa kwenye kibao. Hapo ndipo walipokosea. Wangesema tu "leteni vitu," wangepata vitu. Waliposema jina litaandikwa, wakapata majina, na vitu vikaja nyuma kwa ajili ya kuyasindikiza. Mji mzima ulitaka kuandikwa. Mawe ya kusagia yakajaa ukuta mzima, mengine yameokotwa ziwani juzi, hayajawahi kuona punje ya mtama. Mtu analiweka chini, anapangusa jasho, anasema, "La bibi yangu hili, mzaa baba." Unapitisha kiganja juu yake, unakuta tambarare kama kitako cha sahani. Jiwe la kusagia huwa na shimo la uvivu, lililochongwa tu, au shimo la kazi. La kazi limeinama upande mmoja, ambako mama alikuwa anasukumia. Kama hamjui kulitambua, nendeni mkasage kilo mbili, mtalijua mpaka uzeeni.

Aliyenifundisha kazi hakuwa mwenyekiti wala katibu. Alikuwa Mzee Hamisi, aliyekaa stoo ya jineri miaka mingi mpaka inafungwa. Familia yao ni ya Waislamu wa pale mjini tangu zamani, mafundi na wafanyabiashara. Yeye alikuja chamani kwa sababu hakuweza kuona vitu vimepangwa bila namba, vilikuwa vinamnyima usingizi. Alikuja na daftari lake kubwa, akachora mistari kwa rula. Namba. Kitu. Kimetoka wapi. Nani kakileta. Nani mwenyewe.

Nikamuuliza, "Mzee, aliyeleta na mwenyewe si mtu mmoja?"

Akaniangalia juu ya miwani. "Mama Kulwa, mimi nimekaa stoo. Sijaona sehemu ambayo watu hao wawili wanatofautiana kama stoo."

Kosa langu la kwanza lilimfanya akae chini kwa huzuni. Kuna chungu cha pombe kilikuja na masizi yake. Mimi, mwanamke niliyelelewa kwamba chungu kichafu ni aibu ya nyumba, nikakipeleka ziwani, nikakisugua kwa mchanga na jivu mpaka kikawa chekundu kama kimetoka kwa mfinyanzi jana. Nikakiweka mezani, nasubiri sifa.

Mzee Hamisi akakizunguka. "Kilikuwa kinakaa motoni upande gani?"

"Sijui, mzee."

"Na mimi sijui. Jana tungejua." Akashika kalamu, akaandika kwenye daftari, mbele yangu: Kimeoshwa. "Mtu akiniletea spea, halafu akaipiga rangi kabla sijaiona, siwezi tena kumwambia imetoka mashine gani. Uchafu una maneno yake. Uache useme kwanza."

Kile chungu mnacho, namba ya kumi na moja. Ndiyo maana hakina masizi. Msije mkawaambia wageni kwamba wazee walikuwa na pombe isiyochemka.

Na mizani ya kupimia pamba, ile ya kuning'iniza, msishangae mkiona wazee waliopunjwa kilo wanaigombeza. Siku tulipoitundika alikuja mkulima mmoja wa Magu, akavua kofia, akasimama mbele yake kimya muda mrefu. Mwenyekiti akamnong'oneza katibu, "Ona anavyoheshimu historia." Yule mzee akaanza kuitukana ile mizani kwa Kisukuma, taratibu, bila kurudia tusi, kuanzia ndoano mpaka mshale. Alipomaliza akavaa kofia, akanishukuru, akaondoka. Katibu aliandika kwenye kitabu cha wageni kwamba amefurahi sana.

Nakuja kwenye mwiko. Najua hicho ndicho mlichokuwa mnataka kuniuliza mkaogopa, maana nimesikia mna mpango wa kubadilisha vibao.

Masanja alikuwa kijana wa hapo ufukweni aliyepata kazi ya uwakala, ananunulia viwanda sangara. Alikuwa amevaa miwani ya jua hata ndani ya ghala. Akaja na kitu kirefu, urefu wa mtu, kimefungwa kwenye kitenge. Mti wa mninga, shingo nyembamba, mbele bapa pana. Mwenyekiti alipokiona akasimama kama amesikia wimbo wa taifa.

"Masanja, hiki ni nini?"

Masanja hakuwa mjinga. Alimtazama mwenyekiti usoni kwanza. "Mzee wewe unaonaje?"

"Hii ni kasia."

"Ni kasia, mzee."

"Kasia ya mtumbwi wa mtemi. Babu yangu alikuwa anavuka nayo."

"Tumekuwa tukisikia hivyo hivyo, mzee."

Katika watu waliokuwa pale, mimi peke yangu nilikuwa nimeshika ufagio, na mimi peke yangu nilijua ule ni mwiko. Kasia huliwa na maji nchani, nayo hupasuka pasuka. Kile kilikuwa kimelika upande mmoja tu, mlalo, kama kinavyolika kitu kinachokwaruza sufuria miaka mingi na mpishi wake anatumia mkono wa kulia. Na hata bila hayo nisingekosea. Karibu na shingo kulikuwa na alama ya kuungua, ukubwa wa kidole gumba. Alama hiyo iliingia kwenye msiba wa mume wangu. Mwiko ulimponyoka mpishi ukalalia kaa la moto, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka naangalia, kwa sababu siku ile nilikuwa naangalia kitu chochote kisichokuwa jeneza.

Mpishi wa msiba ule alikuwa Holo, mama yake Masanja. Alikuja bila kuitwa, akapikia watu siku nne. Upande wetu ule hakuna kundi la walima pamba ambalo halijala ugali wa mwiko wake, wala harusi, wala matanga. Mumewe ndiye aliyemchongea.

Nikasema, "Mzee, huu si mwiko wa mama Masanja?"

Masanja akaangalia dari, kama vile popo wamemwita.

Mwenyekiti akacheka kwa upole, kicheko cha ofisi. "Mama Kulwa. Wewe kazi yako hapa ni gani?"

"Kufagia, mzee."

"Na wanaotaka kazi hiyo wako wangapi pale nje?"

Walikuwa wengi. Nilikuwa na watoto wawili wanaokula kama wanne. Nikafagia. Katibu akaandika kibao kwa mwandiko wa kulala, mzuri kweli: Kasia ya Mtemi. Imetolewa na Bwana Masanja. Mzee Hamisi akaandika kwenye daftari lake, akajaza sehemu zote, ila ile ya "nani mwenyewe" akaiacha wazi. Alinitazama tu juu ya miwani, na mimi nikahamia kufagia pembe ya mbali.

Wiki mbili baadaye Holo mwenyewe akaja. Mwanamke mfupi, mikono kama ya mpiga kasia kweli, kanga kiunoni. Alisimama mbele ya ile meza yenye kitambaa chekundu.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma, yaani habari za asubuhi, mama.

"Mwangaluka, mama."

"Nimesikia mwiko wangu umekuwa mtu mkubwa, nikasema nije kuusalimia. Kumbe unalazwa kwenye kitambaa. Mimi mwenyewe nalala kwenye mkeka."

Nikamwambia ni mambo ya kamati.

"Kamati ililiona dari la jikoni kwangu, ikapanda, ikautoa?"

"Masanja ndiye aliyeuleta."

"Masanja nimemzaa, namjua. Sikuulizi Masanja. Nakuuliza wewe. Wewe unaujua huu mwiko au huujui?"

Nilimjibu nini? Nawaambia kwa sababu mmeniomba uzoefu, na huu ndio. Nilimjibu, "Mama, uandike barua kwa mwenyekiti."

Halafu akasema, bila hasira, "Mjukuu wangu Ngolo, wa binti yangu mkubwa, anaolewa mwezi ujao. Nataka nimpikie kwa mwiko alionichongea babu yake. Kuandika sijui. Niandikie wewe unayejua."

Nikamwandikia, pale pale, kwa mkono wangu uliokula ugali wake. Kamati ikakaa vikao viwili. Jibu likaja limepigwa chapa na muhuri wa ngoma juu yake. Lilisema maombi yake ya kuazima kasia ya mtemi yamepokelewa na yanafanyiwa kazi. Hata hivyo anakumbushwa kwamba kwa mila na desturi, wanawake hawakuruhusiwa kuigusa kasia hiyo.

Nilimsomea. Akaniuliza, "Nani anaifuta vumbi?"

"Mimi."

"Basi tumekwisha sisi wote wawili," akasema, akaikunja barua, akaondoka nayo. Nilisikia baadaye aliitumia kuwashia moto, na ikawaka vizuri kwa sababu ilikuwa karatasi nene.

Ikafika siku ya ufunguzi. Mgeni rasmi alikuwa ofisa wa utamaduni kutoka mkoani, anakuja pamoja na mama mmoja wa Kizungu, mfadhili. Walikuwa wametokea upande wa Geita na wakakaa kwenye foleni ya kivuko Busisi. Tuliambiwa saa nne. Saa saba hawajafika, na watu walikuwa wameongezeka mara tatu, maana harufu ya nyama haina kadi ya mwaliko. Mke wa mwenyekiti, ambaye ndiye aliyepanga chakula, alikuwa amemwita Holo awe mpishi mkuu. Angemwita nani mwingine? Kwa ugali wa watu wengi mji wetu ulikuwa na mtu mmoja.

Lakini mwiko walimpa wa kuazima shuleni, wa mti mwepesi. Holo alipouona aliwaambia, "Huu utavunjika." Wakamwambia apike. Kwa sufuria mbili za kwanza ulistahimili. Kwenye sufuria ya tatu, ile kubwa kama pipa, ulivunjika katikati ya msongo, nusu mkononi mwake, nusu imezama kwenye ugali.

Ninyi hamjasonga ugali wa watu wengi, nitawaeleza. Unga ukishaingia hakuna mapumziko. Ukiuacha kidogo unaungua chini na kuwa mbichi juu, na huo hauliwi hata na mbwa. Holo hakupiga kelele. Alimwambia msaidizi apunguze moto, akaja moja kwa moja mlangoni kwangu, unga mpaka kwenye viwiko.

Mimi nilikuwa nimevalishwa sare ya kanga ya chama, nimesimama mlangoni, na amri ya mwenyekiti ilikuwa moja tu: asiingie mtu kabla ya mgeni rasmi kukata utepe. Utepe ulikuwa umefungwa pale, mwekundu, kuanzia bawaba mpaka kitasa.

"Mayu, nipishe."

Nyuma yake, barabarani, niliona vumbi la magari ya wageni. Nikamwona mwenyekiti anajiweka sawa koti. Nikafikiri kazi yangu, nikafikiri Kulwa na Doto. Nikafikiri pia siku nne zile za msiba, na kwamba Holo hakuniuliza nina nini cha kulipa wala nani kamwita. Nikauinua ule utepe kwa mkono mmoja, juu, kama unavyomwinulia mtu kamba ya nguo. Holo akainama akapita chini yake. Akatoka na mwiko begani, nikamwinulia tena.

Dakika chache baadaye wageni wakafika, wakakata utepe, watu wakapiga makofi. Mwenyekiti aliwapitisha haraka kwenye mawe ya kusagia. Hotuba aliyokuwa ameiandika ilikuwa ya kwenye meza ya kitambaa chekundu. Akafika, akanyoosha mkono, akasema, "Na hiki, ndugu mgeni rasmi, ndicho kiini cha historia yetu." Wote wakainama kutazama. Kulikuwa na kitambaa na kibao.

"Mama Kulwa," akasema, sauti imeshuka. "Kasia iko wapi?"

"Iko kwenye sufuria, mzee."

Mgeni rasmi, ambaye hajala tangu Busisi, akageuka. "Sufuria ya nini?"

"Ya ugali."

"Umeiva?"

"Ukiangalia vizuri kwa dirisha hili, mheshimiwa, ndio unasongwa."

Akaenda dirishani. Wote wakaenda. Holo alikuwa amesimama juu ya matofali mawili, kapanua miguu, anausukuma ule ugali mpaka sufuria inaitika, na mwanamke mwingine ameshika masikio ya sufuria kwa magunia. Mama wa Kizungu akauliza kitu, katibu akatafuta Kiingereza chake cha Butimba. Mwenyekiti aliwahi. Sijawahi kuona mtu anayefikiri haraka kama yule mzee alipokuwa hatarini. Laiti angefikiri hivyo akiwa salama.

"Kama ratiba inavyoonyesha," akasema kwa sauti kubwa, "kasia ya mtemi sasa inaonyeshwa kwa vitendo. Wapiga kasia wa zamani, wakifika nchi kavu, walikuwa wanapikia hiyo hiyo."

Dirisha lilikuwa wazi. Holo hakuacha kusonga, wala hakugeuka.

"Baba Lusangija," akasema, "mtemi wenu alikuwa anavuka ziwa au anavuka uji?"

Uwanja mzima ulicheka, wanawake walianza na wanaume wakamalizia. Mgeni rasmi akajifanya anakohoa. Mwenyekiti akanigeukia mimi, kwa sababu nilikuwa karibu na nilikuwa mdogo wa cheo. "Nani alimfungulia?"

Hapo mtu anaweza kusema utepe ulilegea. "Mimi," nikasema. "Na ule ni mwiko, mzee. Nilikwambia siku ulipoletwa, na nikanyamaza uliponitisha. Umepikia msiba wa mume wangu. Alama ya moto iko shingoni, nenda ukaangalie ukishapoa."

Ugali ule waliumaliza mpaka ukoko. Jioni, wageni wameondoka, kamati ikakaa pale pale ghalani, na mimi nikasimamishwa katikati. Mwenyekiti akasema kibao kinabaki kilivyo na mfagizi anaondoka. Katibu akaunga mkono, alikuwa anaunga mkono kila kitu. Mzee Hamisi akafungua daftari, akalisukuma mezani.

"Hapa pana sehemu moja wazi," akasema. "Stoo haifungwi ikiwa na sehemu wazi. Nikiandika Lusangija, nimedanganya. Nikiandika Masanja, yeye ni mleta. Naomba mwenyewe aitwe, aulizwe, halafu mfukuzeni mnayemtaka."

Holo alikuwa nje anaosha sufuria. Akaitwa. Mwiko alikuwa nao, umeoshwa kwa maji tu, una mvuke bado. Mzee Hamisi akamuuliza, "Huu ni wa nani?"

"Wangu. Jina langu Holo, binti Ngassa."

Akaandika. Ilichukua muda mfupi kuliko vikao viwili. Kisha akamuuliza kama anaondoka nao, maana ni haki yake, na meza itabaki na kitambaa.

Holo akanitazama mimi, si kamati. "Naondoka nao leo kwa ajili ya Ngolo. Baada ya hapo utakaa hapa, maana kwangu mchwa wameshaanza kuutamani, na huyu mayu anajua mchwa. Wakinihitaji kwenye shughuli nitakuja kuuchukua, sitabisha hodi. Lakini sharti ni moja. Huyu aje harusini asonge na mimi. Mnaweka kitu mezani mnakiangalia kama mbuzi anavyoangalia gari. Angalau mmoja wenu awe anajua uzito wake."

Mwenyekiti akasema suala hilo litafanyiwa kazi. Hakuna aliyemsikiliza. Nilibaki na kazi yangu, si kwa sababu walinisamehe, ila kwa sababu wafadhili hawakuandika tena, na chama kisicho na wafadhili hakina haraka ya kufukuza mtu anayejua kuzuia popo. Mzee Lusangija alivumilia mpaka magugu maji yalipojaa ziwani. Akaitwa semina nyingine, akarudi na neno "mazingira," akachonga muhuri mpya. Muhuri wa ngoma alituachia.

Harusini kwa Ngolo nilisonga sufuria mbili. Ya kwanza nilidhani nakufa. Ya pili niliombea. Holo alisimama nyuma yangu ananielekeza kwa fimbo ndogo, si kwa kunipiga, kwa kunigusa pale ninapokosea. Usitumie mikono, tumia kiuno. Usiufukuze unga, uusubiri. Upande uliolika uelekee chini, ndiyo njia yake, ukiugeuza utapigana nao. Kwa siku tatu baadaye sikuweza kuinua kikombe. Doto alininywesha chai kama mgonjwa.

Siku ya nne mwiko ulirudi. Katibu alikuwa ameshachukua kalamu yake ya mwandiko wa kulala. Mzee Hamisi akamnyang'anya kwa adabu, akanipa mimi. Nikakaa chini na mikono inayotetemeka, nikaandika kibao cha kwanza nilichowahi kuandika maishani: Mwiko wa Holo binti Ngassa. Wa kusongea ugali wa watu wengi. Umechongwa na mumewe. Una alama ya moto shingoni. Upande uliolika uelekee chini.

Herufi zangu ni kubwa na zimepinda kulia, najua. Nasikia mnataka kukichapa upya kwenye kompyuta, na mmoja wenu ameshauri neno zuri zaidi kuliko mwiko. Sawa. Jumamosi Masanja anaozesha binti yake, sufuria ni zile zile. Nendeni mkasonge kwanza. Mkiweza kushika kalamu Jumapili, badilisheni.